Mtangazaji wa Dani

Habari ya kuahirishwa kwa mashindano ilinikuta nikitia pindo gauni la Dani. Dani ni nyanya yangu, mama yake baba; ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita nyanya. Gauni lenyewe nililishona kwa rangi za timu ya taifa, jekundu kifuani, jeusi kiunoni, kijani chini, kwa sababu Kenya ilikuwa iwe mwenyeji wa mashindano ya mpira ya Afrika, nami nilikuwa nimeshamwahidi kwamba nitaenda kumchukua Asembo Bay, nimlete kwangu Kisumu, nimkalishe kwenye kochi na kumtangazia mechi moja baada ya nyingine mpaka achoke mwenyewe. Macho ya Dani hayaoni tena. Televisheni kwake ni kelele tu. Anahitaji mtu wa kumwambia mpira uko wapi. Safari hii mtu huyo nilikuwa niwe mimi.

Basi fundi wa simu, ambaye kibanda chake kinapakana na changu cha ushonaji, akainua kichwa akasema, "Mama, ile mpira yenu imesongeshwa mbele. Mpaka mwezi wa nane."

"Nani amesema?"

"Wenyewe. Wanasema viwanja haijakuwa tayari."

Kwanza nilidhani uchungu wangu ni ule wa kila shabiki. Watu wa Kisumu tuna kinyongo chetu cha siku zote kuhusu mpira: wachezaji tunazaa sisi, mechi zinachezwa Nairobi. Hata haya mashindano hatukupangiwa mechi huku, hata moja, na bado ni sisi tulionunua vuvuzela mapema. Nikanuna, nikasema maneno mawili matatu ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikaendelea kushona. Nilijiambia miezi michache si kitu.

Jioni simu ikalia. Alikuwa binamu yangu, ambaye ni muuguzi huko Uarabuni. Hata salamu hakutoa.

"Umeskia? Wamesongesha mpaka mwezi wa nane! Na likizo yangu ni mwezi wa nane! Nitakuwa nyumbani, yawa! Ambia Dani nitamtangazia mwenyewe!"

"Nimefurahi sana," nikamjibu. Wewe unanijua, kwa hiyo unajua nilivyosema.

Sasa kaa nikueleze kwa nini mtu mzima, mwenye watoto waliomaliza shule, alilala na njaa kwa sababu ya mpira ambao haujachezwa.

Nililelewa na Dani. Wazazi wangu walikuwa na duka la nafaka Sondu, nami nikaachwa Asembo Bay tangu nilipoacha kunyonya. Dani aliuza omena, wale dagaa wa ziwani. Asubuhi mashua zilipofika alikuwa tayari ufuoni na beseni lake, akivutana na wavuvi kwa sauti ambayo niliisikia nikiwa nyumbani napuliza moto. Omena tulizianika juu ya nyavu kuukuu, na kazi yangu ilikuwa kuzigeuza, kufukuza kuku na ndege weupe wa ziwani, na kutazama mawingu. Mchana tulikula ugali wa mtama, na uji ulikuwa ule uliochachuka, uliotiwa ukwaju, unaokufanya ufumbe jicho moja. Sijawahi kuupata tena. Nimejaribu kuupika mara nyingi hapa mjini, watoto wangu wakaniuliza kama umeharibika.

Redio ya Dani haikununuliwa kwa ajili ya mpira. Ilinunuliwa kwa ajili ya matangazo ya vifo, kwani Dani hakutaka msiba wowote wa ukoo umpite. Betri zake zikichoka tulizianika juani kando ya omena, zikapata nguvu ya siku mbili tatu. Jumamosi moja matangazo ya vifo yalikwisha na Dani, ambaye mikono yake ilikuwa ndani ya beseni, hakuizima. Mara ukasikika mngurumo wa watu, maelfu, wanapiga mayowe ya furaha.

Dani akashtuka. "Nani amekufa hata watu wanashangilia hivi?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa, ni mpira, Kenya imefunga. Kiswahili cha Dani kilikuwa cha soko: bei gani, ongeza, punguza, ondoka. Mtangazaji wa redio alipokimbia na maneno yake, Dani alibaki nyuma kabisa. Akanivuta kwa mkono akanikalisha kwenye kigoda karibu na redio, akasema, "Nyathina, mwanangu, niambie wanachofanya." Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza duniani. Mtangazaji anasema kwa Kiswahili, mimi nasema kwa Kijaluo, na Dani anachambua omena, anatupa mawe na vikonokono pembeni, anauliza maswali.

Niliifanya kwa uaminifu. Namba saba amempa namba tisa. Namba tisa amepiga nje. Kona. Sikuongeza neno, sikupunguza. Wakati mwingine Dani alisinzia, lakini nikinyamaza aliamka na kusema endelea. Nilijiona mtu mkubwa kuliko chifu.

Halafu likizo ya Agosti ikaja, na binamu yangu akaletwa kutoka Kaloleni, mtaa wa Kisumu mjini.

Kaloleni ya wakati huo, kwetu sisi wa ufuoni, ilikuwa ndiyo Ulaya. Nyumba za baraza la mji zilizopangwa mistari, mfereji wa maji ya bomba nje ya mlango, watoto waliovaa soksi. Binamu yangu alikuja na soksi, na viatu vya kufunga, na Kiswahili cha mjini kinachotiririka bila kujikwaa. Ndugu zake wakubwa walikuwa wakicheza mpira kwenye viwanja vya mtaani, kwa hiyo alijua nani ni beki na nani ni winga. Nilimchukia kabla hajaweka mkoba chini. Siku hizi mimi mwenyewe nimepanga nyumba Kaloleni, na usidhani nilifika huko kwa bahati tu.

Jumamosi hiyo Kenya ilikuwa ikicheza na nilikuwa kigodani, nimeshaanza, wakati wingu jeusi lilipotokea upande wa ziwa. Omena zote zilikuwa nje. Dani akapiga kelele, "Anua! Anua!" Binamu yangu hakujua kuanua omena, angezikanyaga, angezichanganya na mchanga. Mimi nilijua. Kwa hiyo nikatumwa mimi. Nilikimbia, nikakunja nyavu moja baada ya nyingine, nikabeba, nikarudi nimelowa mpaka mfupani, na nikamkuta kwenye kigoda changu.

Na Dani alikuwa anacheka.

Niseme ukweli: alikuwa hodari. Mabao hakudanganya hata siku moja, lakini kila kitu kingine alikijaza. Kwake namba saba hakuwa namba saba. Alikuwa kijana mwembamba ambaye mama yake amemkatalia kuoa mpaka afunge. Kipa wa wageni alikuwa amekula sana asubuhi na anaogopa kuinama. Refa suruali ilimpasuka nyuma na ndiyo maana hakimbii karibu na jukwaa. Redioni halikuwamo hata neno moja la hayo. Wanawake wa ufuoni wakasikia kicheko cha Dani, wakaja na mabeseni yao, na kufikia kipindi cha pili uwanja wa Dani ulikuwa umejaa. Kenya ilifungwa tatu bila jibu siku hiyo, na bado watu walikwenda nyumbani wakijipangusa machozi ya kucheka. Mimi nilisimama mlangoni na kanga iliyolowa, nikisahihisha moyoni: si kweli, hakusema hivyo, si kweli.

Hakuna aliyenirudisha kwenye kigoda. Si kwamba Dani alinifukuza, hapana. Alisema tu, kwa upole kabisa, "Wewe nisaidie moto, huyu ni mgeni, mwache atangaze." Kila likizo mgeni alirudi, na kila likizo mimi nilikuwa wa moto.

Binamu yangu aliporudi shuleni kwao nilijaribu. Nilimwambia Dani kwamba golikipa wetu ana miguu mirefu na amepanga kuposa binti wa jirani. Dani akaacha kuchambua, akanigeukia kwa wasiwasi. "Wewe unaumwa? Niambie tu mpira uko wapi." Tangu siku hiyo sikujaribu tena, na nilikuwa na umri wa kutosha kukumbuka aibu hiyo maisha yangu yote.

Unaona sasa? Binamu yangu amekwenda mbali, amesoma, anatuma picha akiwa amevaa miwani ya jua. Mimi ndiye ninayempeleka Dani kliniki, ninayejua dawa ipi inamchafua tumbo, ninayemkata kucha. Sinung'uniki, ni nyanya yangu. Lakini mtu anayeanua omena anataka naye siku moja asikilizwe, na hayo mashindano yalipangwa wakati ambao binamu yangu asingekuwapo. Nilikuwa nimeiona nafasi hiyo miezi mingi kabla. Kisha wakubwa huko, watu wasionijua wala kumjua Dani, wakaketi mezani na kuyasogeza mashindano mpaka kwenye likizo yake.

Siku ambayo mechi ya kwanza ingechezwa nilifunga kibanda nikaenda Asembo Bay na gauni langu. Dani alilipapasa, akauliza rangi, akalivaa papo hapo juu ya nguo nyingine. Habari alikuwa nazo tayari.

"Umeona Mungu?" akaniambia. "Ameshika mpira mkononi mpaka mtoto wangu afike."

Nikasema nimeona. Wivu ulinipanda. Nikaenda jikoni kupika, nikagonga sufuria bila sababu.

Jikoni humo hakuna moshi tena, kuna gesi. Uwanja wa nyumba umekuwa mkubwa ghafla kwa sababu hakuna nyavu. Omena siku hizi lori linazisubiri ufuoni na kuondoka nazo, nyingi zinakwenda kuwa chakula cha kuku, na wale wanawake wa mabeseni wengi wao nimewazika. Mpira unatangazwa kwa Kijaluo safi, kwenye simu ya kila mtoto, na hakuna mtoto Asembo anayevutwa mkono akakalishwa kigodani. Nilipomaliza kupika nilimwashia Dani kituo kimoja, akasikiliza kidogo akasema kizime, huyo kijana anatangaza sabuni kuliko mpira.

Tulikula. Akanawa, akanyoosha miguu barazani, jua likiwa limeanza kulegea. Kisha akauliza, "Leo si ndiyo ile siku?"

"Ndiyo, Dani. Lakini hakuna mpira."

"Najua hakuna. Nitangazie."

"Nitangaze nini sasa?"

"Ile ingechezwa." Akavuta pindo la gauni. "Mwezi wa nane ni mbali, nyathina."

Nilimtazama. Shingo yake imekuwa nyembamba sana ndani ya lile gauni. Nililipima kwa mwili wa mwaka jana. Mimi mwezi wa nane niliuhesabu kwa wivu tu. Haikunijia kwamba na yeye anauhesabu.

Nikaanza kama nilivyozoea. Timu zimeingia. Kenya wanaanza. Namba nne kwa namba saba.

"Namba saba ni mtoto wa nani?" akauliza.

Hapakuwa na redio. Hapakuwa na mtu wa kumfuata neno kwa neno, wala wa kumwogopa nikimkosea. "Wa yule mama anayeuza nyoyo hapa njia panda," nikasema, "yule anayejaza mahindi na kupunja maharagwe."

"Yawa! Yule? Kumbe ana mtoto anakimbia hivyo?"

"Anakimbia kwa sababu mama yake yuko jukwaani na mwiko."

Dani akacheka. Si kwa adabu, alicheka mpaka akashika ubavu. Basi nikamwaga yote. Kipa nikamweka mchungaji wetu, ambaye kila akidaka anataka kwanza kuomba. Beki wa wageni nikampa kiburi cha fundi wangu wa simu. Dani akapinga penalti, akamtukana refa, akataka namba tisa atolewe kwa uvivu, nikamtoa. Nilikuwa natokwa jasho. Tulikuwa dakika za mwisho, sare, kona upande wa Kenya, wakati simu yangu ilipolia.

"Ni nani?" akauliza Dani.

Nikamwambia ni nani. Ni binamu yangu, anapiga kutoka Uarabuni.

Dani akapunga mkono hewani, namna anavyofukuza nzi. "Atapiga tena. Nani anapiga hiyo kona?"

Simu ikalia mpaka ikanyamaza. Mwezi wa nane binamu yangu atakuja, nitampokea kituoni, nitambebea sanduku, na Mungu akitujalia atakaa pale karibu na Dani na kumchekesha vizuri kuliko mimi, nami nitakuwa jikoni nikiona wivu, sitakudanganya. Ila mechi ya siku ile hakuisikia. Kenya ilishinda. Kwa mabao mangapi, yeye sitamwambia.