Jina la Mtu wa Kwanza wa Hoshanda

Hebu mwone Sabina akifika. Ni saa mbili na nusu asubuhi, mlango wa duka la Bi Kauthar haujafunguka wote, naye keshafika, viatu vyekundu kwa vumbi la Karatu, kanga begani, midomo inacheza. Hasemi na mtu. Alishalipita duka mara moja, akafika hadi kituo cha mafuta, akarudi, ndipo akakumbuka kwamba kazini ni hapa. Magari ya watalii yamempita yakielekea lango la Ngorongoro, hata hakuyaona. Alikuwa Hoshanda.

Hoshanda ni nchi. Ukiitafuta kwenye ramani utachoka bure, maana aliitunga mwenyewe akiwa na miaka minane, kwao Ganako. Baba yake, mzee Lazaro, alilima mahindi na mbaazi. Juu ya shamba ulikuwepo msitu, na nyuma ya msitu ndiko mtoto alikotaka kujua.

"Baba, kule nyuma kuna nini?"

"Kuna nyati."

"Na nyuma ya nyati?"

"Nyati wengine. Kapalilie."

Jibu halikumtosha. Akaweka nchi huko, akaipa mito, akaipa watu, na kwa kuwa watu lazima waseme, akawapa lugha.

Tangu hapo hajatulia. Amekunja mataulo kwenye hoteli za watalii, akaacha. Amechuma kahawa, ameuza vitunguu mnadani, ameolewa mwaka mmoja na nusu, akarudi nyumbani na begi lile lile. Sasa ana miaka thelathini na sita, na anachapa barua za watu dukani kwa Bi Kauthar. Hapo amedumu miaka mitatu, kuliko popote, kwa sababu anaruhusiwa kuchukua karatasi zilizoharibika kwenye mashine ya kopi. Migongo ya karatasi hizo ndiyo Hoshanda yenyewe, bunda zito lililofungwa kwa mpira wa baiskeli.

Kwa Kihoshanda huwezi kusema "njoo" bila kusema kama mtu anapanda au anateremka, kwani nchi yote iko mteremkoni. Hata salamu ni hiyo: "Ruma osh?" Yaani, umetoka juu au chini?

"Mimi nimetoka kwenye kisukari," hujibu Bi Kauthar. "Nipishe nikae."

Msikilizaji wa kweli alikuwa Olais, Mmasai wa Endulen, mlinzi wa yadi ya mbao iliyo jirani. Akimaliza zamu asubuhi huja barazani, rungu magotini, chai mkononi, asomewe ukurasa. Mwanzoni alikuwa msumbufu.

"Dada, hawa ng'ombe wako wametembea siku tatu. Wamekunywa wapi?"

"Ni hadithi, Olais."

"Hadithi, sawa. Ng'ombe ni ng'ombe."

Sabina akaenda akachimba visima vinne Hoshanda. Baada ya miezi miwili Olais alikuwa akipita mlangoni anasema "Ruma osh?" na kucheka peke yake.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki: jina la mtu wa kwanza wa Hoshanda, yule aliyewavusha watu na mifugo msituni. Kwa wiki mbili Sabina hakutulia. Alitunga majina akitembea, nayo yakamfia mdomoni kabla hajafika sokoni. Kisha asubuhi moja likaja lenyewe, zima, kama mtu aliyemgusa bega. Silitaji hapa, na muda si mrefu utajua kwa nini. Kutoka katika jina hilo akachomoa neno la njia, neno la kisima, neno la alfajiri. Maneno arobaini yakawa na baba mmoja.

Wakati huo Olais alikuwa likizo kwao. Julius, mtangazaji wa redio ya pale mjini, alikuja kutoa kopi, akaokota ukurasa, akausoma amesimama mpaka mwisho. "Hii tuisome hewani," akasema. Jumanne wakarekodi sehemu ya kwanza. Ingerushwa Jumamosi, saa kumi jioni.

Alhamisi Olais akarudi. Sabina hakungoja hata chai ipoe. Akampa habari ya redio, akafungua bunda, akaanza kumsomea.

Jina lilipotoka mara ya kwanza, Olais aliweka kikombe chini. Mara ya pili aligeuza shingo, akatazama barabarani. Mara ya tatu alisimama.

"Nimekosea ng'ombe tena?" Sabina akauliza, anacheka.

Olais alichukua rungu lake akaondoka, chai ikabaki nusu.

"Umemfanya nini mtoto wa watu?" akauliza Bi Kauthar kutoka ndani.

"Nimemsomea tu!"

"Hebu nisomee na mimi."

Akamsomea. Bi Kauthar, aliyewauzia Wamasai vitambaa miaka thelathini kabla ya kununua mashine ya kopi, akalitambua kuwa ni jina la Kimasai. "Sabina mwanangu, Olais si ndiye uliyemchapia barua ya kuomba ruhusa, alipofiwa na mdogo wake? Hebu ifungue hiyo barua."

Akaifungua. Jina lilikuwa pale, mstari wa tatu, herufi kwa herufi.

Ndipo akakumbuka. Miezi minne nyuma Olais alisimama mbele ya kompyuta, akaeleza habari yote kwa mdomo, lakini alipofika kwenye jina la marehemu aliliandika kwenye kipande cha boksi akamsogezea. "Andika hili," alisema. Sabina alidhani anaona haya tu. Akachapa, akasahau. Vidole vyake havikusahau.

Alikimbia yadini. Olais alikuwa amekaa juu ya gogo.

"Kaka, sikujua. Wallahi sikujua."

"Wewe Mkristo, unaapa kwa kiapo cha Bi Kauthar?" Olais alitaka kutabasamu, ikashindikana. "Kwetu kijana akifa hajaoa, hatumwiti tena, jina lake halitajwi. Binamu yetu alikuwa na jina hilo hilo, wamembadilishia. Mimi nitakusamehe. Tatizo ni mama. Mama ana redio, anakwenda nayo hadi kisimani."

Jumamosi, saa kumi. Sabina akaondoka mbio kwenda redioni.

Redioni Julius alimpa hadi Ijumaa saa sita mchana. "Badilisha jina tu, dakika tano!"

"Julius, maneno arobaini yametoka humo."

"Sasa mimi nifanyeje? Saa sita nafunga ratiba."

Alhamisi mchana aliipanda na kuiteremka barabara ya Karatu, bunda kwapani, akijaribu majina. Kila alilolipandikiza lilikataa kushika. Ibilisi akamnong'oneza: yule mama ni mzee, labda betri zimekwisha, nani atasikia? Akaona aibu, akaongeza mwendo, kana kwamba wazo lenyewe linamfuata nyuma. Jina hilo lilikuwa kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuvitunga, na halikuwa lake.

Ijumaa asubuhi akalikata. Mtu wa kwanza akawa "Aliyetangulia". Maneno arobaini akayang'oa moja moja na hakuweka kitu mahali pake. Saa tano na nusu alikuwa studio.

"Mbona sasa hawana neno la njia?" Julius akauliza.

"Hawana."

"Wanatembeaje?"

"Wanatembea hivyo hivyo. Washa."

Jumamosi jioni Olais alikuja barazani kusikiliza pamoja na Bi Kauthar. Sabina alishindwa kukaa. Alisikiliza akizunguka kaunta. Kipindi kilipokwisha, Bi Kauthar akaenda kuswali. Olais akabaki.

"Nimesikia umemficha," akasema. "Asante."

"Hadithi imekuwa na mashimo."

"Nimeyasikia pia." Akakizungusha kikombe mkononi. "Dada, miezi minne hakuna aliyemwita. Juzi ulipolitaja nilikasirika. Halafu ukalitaja tena, nikageuka kutazama barabarani."

"Ulikuwa unatazama nini?"

"Kama anakuja."

Sabina akasimama mahali pamoja, pengine kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Zile karatasi za mwanzo umezichoma?"

"Hapana. Zipo kwenye droo."

"Usinisomee."

"Sitakusomea."

"Na mama asijue kamwe."

"Hatajua, kaka."

Olais akainuka, akafika mlangoni, akarudi hatua moja. "Lakini humo ndani," akauliza polepole, "bado anatembea na ng'ombe?"

Sabina akaitikia kwa kichwa. Olais akasimama kidogo, kisha akaenda zake yadini, bila kusema zichomwe wala ziachwe.

Kufikia Jumatatu Sabina alishatoka na zile karatasi mara mbili hadi jalalani nyuma ya soko, kiberiti mkononi, na mara mbili akarudi nazo. Desturi ameielewa. Na lile swali la mlangoni amelielewa pia. Sasa niambie wewe uliyefika nami hadi hapa: akitoka mara ya tatu, arudi nazo?