Upande wa Kuvutia Pumzi

Mwalimu wa kuogelea alikuja Kindu wakati wa kiangazi, maji ya Lualaba yalipopungua na mchanga ukajitokeza pale juu ya mji ambapo mto unajikunja na mkondo unapoa. Alikuwa amekulia Kalemie, kwenye ziwa, na alisema atatufundisha bure sisi akina mama tunaovuka kwa mtumbwi kwa ajili ya biashara. Bure! Kwetu sisi, mtu akikupa kitu bure, swali la kwanza ni mradi wa nani. Nilimuuliza. Akajibu kwamba hakuna mradi, anapenda maji tu. Jibu hilo halikunituliza hata kidogo. Nilimchunguza viatu vyake, simu yake, hata watu aliowasalimia njiani.

Lakini nilikwenda, kwa sababu niliogopa kufa. Msimu wa mvua uliotangulia mtumbwi wetu ulipinduka katikati ya mto. Niliogelea kwa namna niliyoijua, nikafika ukingoni mbali sana chini ya mji, miguu imekufa, siwezi hata kusimama. Nilijua wazi kwamba siku mtumbwi utakapopinduka tena, sitafika.

Namna niliyoijua ilikuwa ya vita. Miaka ile mji ulizingirwa, chakula hakikuingia, na mihogo ilikuwa ng'ambo. Baba yangu mdogo ndiye aliyenifundisha kuvuka, nikiwa bado msichana. Kichwa juu, mikono chini ya maji, miguu isitoe povu wala sauti, na macho yasibanduke ng'ambo, maana huko walijificha wenye bunduki. Watu wa rika langu hapa mjini wanaogelea hivyo mpaka leo, kama bata waliosikia jambo.

Mwalimu alipotuona majini mara ya kwanza alishika kiuno. Alitueleza kwa subira kwamba kichwa kikiwa juu miguu inazama, na mwenye miguu iliyozama anajiburuta mwenyewe kama gunia la mihogo. Alitaka tulale kifudifudi, uso ndani ya maji, macho yatazame mchanga wa chini. Mkono mmoja upite juu na kuvuta maji nyuma, kisha wa pili, na pumzi ivutwe pembeni kwa kugeuza uso kidogo tu. Mtindo huo aliuita krol. Mimi niliuita ujinga. Mtu mwenye akili anatazamaje mchanga katikati ya mto ule?

Alitugawa wawili wawili. Mmoja anaogelea sambamba na ukingo, mwenzake anatembea kando yake, maji kiunoni, upande wa kina, ili amshike akizidiwa. Mimi nikapewa mama mmoja kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto, muuza mawese wa umri wangu. Nikasema moyoni, ndiyo haya sasa. Wakati wa vita ilisemwa mjini kwamba watu wa ng'ambo ndio waliowaonyesha wenye bunduki mahali tulipotokea majini. Hakuna aliyelithibitisha jambo hilo, wala mimi sikuhitaji lithibitishwe. Siku ya kwanza aliniuliza tulikuwa tunavukia wapi miaka ile, nikamtajia mahali pa uongo. Nami nilipomuuliza nyumba yao ilikuwa wapi, akaanza kukamua kikwembe alichojifunga kiunoni kwa bidii ya ajabu.

Tuliendelea hivyo, tukishikana mikono bila kuaminiana. Uso wangu nikauzoeza maji polepole, kwa hasira zaidi kuliko kwa ujasiri. Kisha siku moja mwalimu akanisifu mbele ya wote. Alisema mwanafunzi mpya huvuta pumzi upande mmoja tu, ule aliouzoea, lakini mimi nikienda navuta kushoto, nikirudi navuta kulia, na kwamba wengine hulihangaikia jambo hilo muda mrefu. Mwenzangu naye vilevile. Nilijivuna kidogo. Halafu akatuambia turudie, akatutazama tukienda na kurudi, na tabasamu likatoweka usoni mwake.

"Ku ng'ambo kule iko nini, mama?" akaniuliza. "Kwenda, kurudi, uso yako inageuka kule tu."

Nilihisi kama nimevuliwa nguo. Aliyejibu ni mwenzangu, bila kunitazama.

"Yeye anaangalia kwetu. Miye naangalia kwao. Wakati ya vita njo tulijifunza vile."

Kwao, yaani huku mjini. Miaka yote ile haikunijia kwamba ng'ambo kulikuwa na msichana aliyeingia majini kichwa juu, akichungulia ukingo wangu, akiwaogopa wenye bunduki waliokuwa mgongoni mwangu. Nilimwonea huruma. Kisha, kwa kuwa ndivyo nilivyo, nikamshuku upya. Huenda ilikuwa hadithi ya kunilainisha.

Mwalimu akasema kwamba mtumbwi ukipinduka, mawimbi hayaulizi tumezoea upande gani, na anayejua kupumua upande mmoja tu atakunywa mto. Akaniamuru niogelee tena, uso niugeuzie mji, ng'ambo niipe kisogo.

"Na nyuma, nani atanichungia?" nikauliza.

"Miye," mwenzangu akasema. "Weye enda. Kule, miye njo nitaangalia."

Nikaenda. Chini palikuwa na maji ya kahawia na mchanga. Kila nilipougeuza uso niliona mji wangu, nguo zilizoanikwa, moshi wa majiko, na mgongo wote ukanisisimka kwa kungoja risasi. Nilitaka kunyanyua kichwa. Nilitaka sana. Lakini miguu ilikuwa imepanda juu, myepesi, na mikono ikawa inavuta yenyewe mpaka nikagusa mwamba aliouonyesha mwalimu. Nikasimama bila kutetemeka.

"Uliona nini kule?" nikamuuliza mwenzangu.

"Kule wapi?"

"Ku ng'ambo. Ulisema utaangalia."

Akainamisha macho. "Nilisahau, mama. Niliangalia kwenu."

Kwa hiyo mimi nilikuwa nimeutazama mji, na yeye alikuwa ameutazama mji. Ng'ambo hakuna aliyeichunga, na nilikuwa nimefika.