Mguu wa Mbuzi Kwenye Moto wa Dolma

Kila tukikutana pale buchari ya Mugutha mnanicheka, ati mtu mzima wa Kamenu, na kitambi chake, anaagiza nyama ya kuchemsha na supu huku wenzake wanakatakata mbavu za kuchoma, na mimi hucheka pia halafu nabadilisha stori. Leo wacha niseme tu, mnicheke mara moja iishe. Hii aibu nikiikumbuka nikiwa peke yangu bafuni huwa nasema "Ngai!" kwa sauti, mpaka mke wangu anauliza kwani nimeteleza.

Mnakumbuka vile kikundi chetu cha kupanda milima kilianza na Kilimambogo, tukapanda Mlima Kenya, tukavimba kichwa, tukasema sasa ni Nepal. Mwishowe tulioenda ni mimi na Karis wa pale kiwandani (nyinyi wengine mlipata harusi za ghafla, mnajijua). Huko sasa, wee, hakuna barabara, hakuna hata pikipiki, ni njia nyembamba kando ya genge na madaraja ya waya yanayobembea juu ya mto, na kichwa kinauma kwa sababu hewa ni kidogo, na chakula ni wali na dengu asubuhi, wali na dengu jioni, yaani nilifika mahali naota nyama nikitembea. Kwa hivyo kwenye soko la mwisho huko chini nikaona mtu anauza mguu wa mbuzi, nikanunua, nikaufunga nyuma ya mkoba.

Pasang, yule jamaa aliyekuwa anatuongoza njia, aliuangalia akasema, "Tukifika kwa Dolma, mpe aupike. Mpe yeye." Nikamwambia sawa sawa, vile mtu husema sawa akiwa hasikilizi.

Dolma ndiye mama aliyekuwa analaza wageni kwenye kijiji cha juu kabisa, nyumba ya mawe, chumba kimoja kikubwa na moto wa kuni katikati. Alitupokea vizuri, akatupa chai ya chumvi, akatuonyesha kwa dirisha ile njia ya theluji kati ya vilele viwili, Pasang akatafsiri: mume wake alikuwa huko juu siku hiyo hiyo, anarudi na yaki zao (ng'ombe wa huko, manyoya mpaka magotini) wamebeba mchele wa kijiji kizima, na angefika kabla jua lizame. Kila dakika alikuwa anachungulia dirisha. Mimi nilikuwa nachungulia makaa.

Baadaye Dolma akatoka kuangalia mifugo nje, Pasang akaenda kusalimia jamaa zake, na Karis akaniambia, "Si wewe hujisifu ni fundi wa choma? Hebu tuone." Basi. Nikatoa mguu, nikapaka chumvi, nikaulaza juu ya makaa moja kwa moja, mafuta yakaanza kudondoka, moshi ukapanda ukatoka kwa dirisha, na hiyo harufu, haki ya Mungu, nilitaka kulia. Nikaanza hata kuimba wimbo wa kanisa.

Watu wakaanza kuja. Mzee mmoja na akina mama kadhaa, wamesimama mlangoni. Sasa mimi nilijua nini? Nikajua ni kama kwetu, choma ikinukia majirani wanakumbuka kukusalimia. Nikakata kipande, nikakiweka kwa ubao na chumvi kando, nikampelekea yule mzee kwa mikono miwili, heshima zote, nikamwita babu vile tunaita kwetu, "Guka, onja." Mzee akafunika pua na shuka lake akarudi nyuma. Nikafikiri labda ni meno, nikamkatia kipande laini (Karis naye anacheka ameshika tumbo).

Hapo ndipo Dolma alirudi, na Pasang anakimbia nyuma yake akipiga kelele, "Toa! Toa hiyo!" Kwa hofu nikauvuta vibaya, mafuta yakamwagika, moto ukaruka mpaka karibu na dari, na mnajua choma ikishika moto mtu hufanya nini, hunyunyiza maji, si ndio? Nikashika sufuria ya maji nikamwaga yote. Moto wa nyumba ya watu ukafa, ikabaki majivu na moshi.

Pasang akanieleza polepole, bila kuniangalia. Kwamba huko nyama haiguswi na moto, inachemshwa ndani ya sufuria, kwa sababu mlima una wenyewe na harufu ya nyama ikiungua inawaudhi, na wakiudhika wanafunga njia. Na moto wa nyumba hauzimwi kwa maji siku yoyote, sembuse siku mwenye nyumba yuko huko juu. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikajitetea! Nikasema, "Mwambie pole, lakini sisi ni Wakristo, hayo mambo hatuamini." Pasang hakutafsiri. Lakini Dolma alikuwa anaangalia uso wangu, na nafikiri alielewa.

Alienda nje akachoma matawi ya mti unaonukia kama mtarakwa wetu, anaomba huku anaangalia juu. Halafu wingu likashuka. Nikajiambia mlima ni mlima, theluji huanguka, lakini ilipofunika ile njia mpaka ikapotea machoni nikaona watu wanaangalia theluji, halafu wananiangalia mimi. Jua likazama, mume wake hakuja.

Asubuhi wanaume wakapanda kumtafuta. Nikavaa buti niende nao, na yule mzee akaweka fimbo yake mlangoni mbele yangu, taratibu. Nikavua buti. Niliona haya mpaka nikashindwa kumwangalia Karis.

Walimrudisha amebebwa mgongoni. Alikuwa hai, Mungu asifiwe, lakini vidole vya miguu vilikuwa vyeusi, na huyo ni mtu ambaye kazi yake yote ni kutembea. Dolma alimvua soksi mwenyewe. Nikapiga magoti kando yake nikasema pole, pole sana, kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza kilinitoka chote. Dolma akasema kitu, na safari hii Pasang akatafsiri: "Anauliza, mbona hukumuuliza? Alikuwa hapo nje tu."

Tulipoondoka alinipa ule mguu wa mbuzi, ameufunga kwa kitambaa safi, maana hangeweza kuutupa kwenye ardhi yake. Nikaubeba, jamani, tukiteremka pamoja na wale waliombeba mume wake kumpeleka kwa daktari, na upepo ukigeuka harufu inawafikia, na mimi najua inawafikia, na hakuna aliyegeuka. Niliubeba mpaka tukavuka daraja la mwisho, Pasang akasema sasa unaweza kuutupa.

Pasta ameniambia theluji haikuwa yangu. Najua. Lakini yule mama alikuwa hapo nje tu, na mimi nilikuwa na mdomo wa kuuliza. Siku hizi hata kwa dada yangu kule Gatuanyaga nasimama mlangoni pa jikoni mpaka aniambie ingia, na yeye anauliza kwani nimekuwa mgeni lini. Choma kuleni, sijawakataza, yangu chemsheni. Na siku mvua itaanza nyama ikiwa kwa moto, mkiniona nimetoka nje naangalia barabara, msinifuate. Naangalia tu kama wote waliosema wanakuja wamefika.