Stika Nyekundu ya Bibi Tsuruyo

Bibi Tsuruyo hakuwa na utani na takataka. Miaka kumi na miwili alisimamia kituo cha kutenganishia taka cha kijiji cha Nagusa, mapipa arobaini na matatu, na ole wako uchanganye kizibo na chupa yake. Kila mfuko uliandikwa jina la nyumba ulikotoka. Kilichomo kisipooshwa vizuri, Bibi aliubandika stika nyekundu, na mwenye mfuko akaurudisha nyumbani kwake mchana kweupe, majirani wakimtazama. Ujanani alikuwa mkaguzi wa vitambaa vya hariri kiwandani. Alistaafu yeye, macho hayakustaafu.

Masue, jirani yake wa ng'ambo ya kijito, alishakula stika tisa, nyingi kwa chupa za mayonezi zisizooshwa.

"Kwani kwenu hamli mayonezi?" Masue alimfokea Tsuruyo siku moja, kwenye mkutano wa kijiji.

"Tunakula, tunaosha! Siku nyumba yangu ikipata stika, aproni hii ya msimamizi navua nakukabidhi wewe!"

Watu sitini walisikia. Mdomo nao, jamani!

Basi mwezi wa kumi na moja, Tsuruyo aliteguka kifundo cha mkono aking'oa figili. Mumewe, mzee Kisaburo, ambaye kwa miaka hamsini hakuwahi kuosha hata kijiko, akasema, "Pumzika mke wangu, taka leo ni zangu." Akafunga mfuko, akautanguliza kituoni kabla hata mkewe hajamaliza chai.

Tsuruyo alifika, akaanza kukagua. Mfuko wa tatu ulikuwa na chupa laini ya mayonezi, imeganda mayonezi hadi shingoni. Akachomoa stika kwa furaha yote. Akasoma jina. Lake.

Akatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Angeweza kuificha ile chupa chini ya aproni, yakaisha. Na kazi hii aliipenda, hata siku za theluji ndiyo iliyomtoa kitandani. Akainua ncha ya aproni. Kisha akasema kwa sauti, "Mwizi we!" akijiambia mwenyewe, akaibandika stika, pah!

Mchana aliubeba mfuko barabarani, stika ikitazama nje. Hakwenda kwake. Alivuka kijito hadi kwa Masue, akavua aproni.

"Ahadi ni deni. Chukua."

Masue, ambaye asubuhi alimwona Kisaburo akipita na mfuko ule, aliitazama stika, akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaingia ndani, akarudi na mkasi na beseni.

"Kisaburo!" aliita ng'ambo. "Njoo hapa, mzee, uone aibu uliyomletea mkeo!"

Mzee akaja mbio na kandambili za chooni miguuni. Masue akaipasua chupa, akajishika kiuno, akaiga sauti ya Tsuruyo bila kukosea: "Kata katikati! Sugua kwenye pembe! Anika! Au mama yako hakukufundisha?"

"Mimi sisemi hivyo," Tsuruyo alinong'ona.

"Unasema," Kisaburo akajibu.

Chupa ilipong'aa, Masue aliokota aproni, akamzungushia Tsuruyo kiunoni, akakaza fundo kwa nguvu.

"Hii siitaki. Mimi nikae pale, stika yangu ya kumi nitapewa na nani?"

 Tsuruyo akamshika Masue mkono, akaubana.

Jumatatu iliyofuata, mfuko wa Masue ulikuja na kopo la samaki halijaoshwa, linanuka. Bibi Tsuruyo akaubandika stika ya kumi, akaipapasa ikae sawasawa.