Mashua Iliyovaa Mshanana

Vita vilikuwa vimetimiza mwaka kule kaskazini, askari wakikagua hadi vikapu vya viazi kwenye daraja la Nyabarongo, na katikati ya hayo yote mzungu mmoja mwalimu wa hisabati akaja mtaani kwetu Kimisagara na shida yake: mashua yake ya kuwindia mabata ilikuwa imetoboka. Ilikuwa mashua bapa, ya faibaglasi, kongwe kuliko mimi, imepakwa rangi ya matete ili bata asiione. Ilianguka kutoka kwenye pikapu pale Gahanga, mzungu akitoka kuwinda kwenye maziwa ya Bugesera, ikapata tundu la kupitisha mbuzi.

Fundi wa mashua Kigali hakuwepo. Gereji alikofanya kazi baba yangu ilikuwa ya magari, na yeye alikuwa fundi bodi. Lakini baba alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuwahi kumwambia mteja kwamba hawezi. Aliizunguka mashua, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akasema, "Bodi ni bodi tu. Hii nayo iko gari, ni matairi tu hakuna."

Patroni, mwenye gereji, alifurahi kupita kiasi, na furaha ya patroni yule ilikuwa ya kuogopwa. Alishapata kijana mwenye diploma ya kunyoosha bodi, alichokosa ni sababu ya kumwondoa mzee. "Muzehe," alimwambia mbele ya watu, "ukiharibu hii kitu ya muzungu, utarudi kulima kwa kilima yako. Tumeerewana?"

"Ndiyo, patroni," baba akajibu. Kilima chenyewe hakikuwepo. Kaka zake walishagawana shamba zamani, wakamsahau kwa sababu alikuwa mjini. Alikuwa na miaka thelathini ya nyundo, na jina lake, basi.

Mimi nilikuwa na cherehani yangu barazani ng'ambo ya kichochoro, nikishona na kuona kila kitu. Niliona baba akianza kwa nyundo. Aligonga mara moja tu, kwa upole, eti kunyoosha, na ufa ukaongezeka shibiri nzima. Mzungu alikuwa ameacha makopo ya resini, dawa ya kuigandisha na karatasi ya maelezo kwa Kifaransa. Karatasi baba aliikunja vizuri akaiingiza chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba, kisha akachanganya dawa kwa kukisia, kama anasonga ugali. Kopo likapata moto, likafuka moshi, majirani wakatoka mbio na watoto wao mgongoni wakidhani vita vimefika. Moshi ulipoisha, resini ilikuwa jiwe. Baba akaichomoa karatasi chini ya meza, akaniletea nimsomee. Sikucheka, na Mungu anajua nilivyojitahidi.

Pamoja na makopo lilikuja bunda la kitambaa cheupe cha nyuzi za kioo, ambacho hutandazwa juu ya tundu na kulowekwa resini mpaka kigande. Kilikuwa laini machoni, kinang'aa kuliko satini. Baba alilipima tundu kwa shibiri zake, akalipima bunda, akatangaza kwamba linatosha na halitabaki hata la kufutia mikono. Katika miaka thelathini shibiri zake hazikuwahi kumdanganya, na kila mtu gerejini alilijua hilo, hata patroni.

Sasa, mke wa patroni alikuwa ameniagiza mshanana wa kwenda sherehe ya kumtoa binti wa dada yake. Mshanana wote mnaujua: sketi, kiblauzi cha mikono mitupu, na kitambaa kirefu kinachotupwa begani. "Ninataka kitambara hakuna mwanamuke mwengine iko nayo hapa Kigali," Madamu aliniambia, kidole kimoja hewani. Madukani kulikuwa na kile kile cha mwaka uliopita, na wanawake wote wa Kigali walikuwa nacho. Mimi nikainua macho, nikaliona bunda la mzungu.

Sitalipaka jambo hili mafuta: niliiba. Baba alipokwenda kula, nilivuka kichochoro na mkasi wangu, nikakata mita mbili na nusu. Nilijiambia mashua haina macho, haitajua. Nikatarizi maua mekundu ukingoni, nikajikuna siku mbili nikiilaumu sabuni mpya, na Jumatano nikampelekea Madamu. Alijitazama kwenye kioo akasema, "Enhee! Wataona."

Alhamisi baba akatandaza kitambaa juu ya tundu. Hakikutosha. Akakipindua, akakivuta, akapima tena kwa shibiri, akapima kwa tepu ya chuma. Mafundi wenzake waliacha kazi wakasimama kumtazama. Patroni akaja, akatazama pengo, akasema polepole, kama anayeonja mchuzi, "Muzungu anakuja Jumatano. Dipulome naye anakuja Jumatano."

Kitambaa kama kile hakikuuzwa popote mjini. Jioni baba hakula. Aliweka viganja vyake juu ya meza akavitazama. "Macho yangu imekwisha, mwana wanjye," akaniambia. "Nilipima vizuri, nilijua ninapima vizuri, na iko makosa. Niko mutu ya bure sasa."

Nilipaswa kusema palepale. Nilifungua mdomo, nikamwona Madamu na kidole chake, nikaufunga. Nikamwambia, "Kula, Papa, chakula kinapoa." Naona aibu hadi leo nikikumbuka sauti yangu ilivyokuwa ya kawaida.

Jumamosi ilikuwa sherehe. Nilialikwa kusimama nyuma, kama fundi, nikazipokee sifa zangu. Wageni wetu wasiojua wajue hivi: katika sherehe zile wazee wawili, mmoja wa upande huu na mmoja wa upande ule, hubishana kwa maneno matamu saa nzima au mbili kana kwamba hawajui harusi imeshapangwa, na mama wa heshima hukaa mstari wa mbele bila kutikisika. Hacheki kwa meno, hageuki ovyo, na hajikuni.

Hema lilikuwa na joto. Mzee wa upande wa bwana harusi alipokuwa bado anasifu pembe za ng'ombe wake wa mahari, bega la Madamu lilianza kupanda na kushuka. Kisha shingo. Kisha akajisugua mgongo kwenye kiti, taratibu, huku uso umetulia kama wa sanamu kanisani. Alistahimili kwa ushujaa ambao jeshi letu lingeuhitaji. Lakini mzee alipoingia kwenye ukoo wa ng'ombe yule, mama hadi bibi, Madamu aliinuka ghafla akatoka hemani karibu anakimbia. Watu wa bwana harusi walishtuka. Walidhani mama mdogo wa bibi harusi ameondoka kwa sababu ng'ombe amedharaulika, wakanong'onezana, wakaongeza ng'ombe wa pili palepale. Watu wakapiga makofi.

Jumapili baada ya misa Madamu alinitupia kitambaa usoni. "Umenishonea upupu! Watu nasema niko na upele!"

Nilikiokota kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi nilipumua.

Jumatatu asubuhi nilikiweka mbele ya baba, maua yakiwa juu, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakupiga kelele. Alikitandaza juu ya pengo, na kikatoshea ukingo kwa ukingo. Alipitisha kiganja juu yake mara mbili. "Leta resini," akasema, "na soma ile karatasi pole pole."

Kwa kuwa Kimisagara hakuna ziwa, baba aliijaribu mashua kwa akili yake: aliijaza maji. Alisema maji ya ndani yasipotoka, ya nje hayataingia. Hayakutoka hata tone. Kina mama walipoona tangi limekaa bure, walikuja na madumu, na ilibidi tuwafukuze ili tupake rangi. Rangi nayo ilikuwa kesi. Patroni alikataa rangi ya matete, akisema atakayekamatwa na kitu cha rangi ya jeshi atajieleza mwenyewe. Iliyokuwepo ilikuwa ya njano ya teksi, ikatosha nje tu.

Jumatano mzungu alikuja. Kijana wa diploma alikuwa ameshafika, na viatu safi. Mzungu aliitazama njano kwa huzuni, maana bata wa Bugesera wangeiona tangu Gahanga. Kisha akainama ndani, na kule chini, katika resini iliyokauka ikawa kama kioo, akaona mstari wa maua mekundu.

"Hii nini?" akauliza.

Patroni naye akainama. Nilimwona akiyatambua maua. Alinitazama, akaitazama mashua, akafungua mdomo. Lakini angesema nini? Kwamba mke wake alihudhuria sherehe amevaa mashua? Watu wa gereji nzima walikuwa wanasubiri.

"Hiyo iko mapambo ya kwetu," baba alisema. "Hayalipiwi."

Mzungu akafurahi, akapiga picha. Patroni akainuka taratibu. "Iko kazi nzuri, muzehe," akasema, na kijana wa diploma akaambiwa arudi siku nyingine.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilikuwa nacheka peke yangu, kwa kuwa nilidhani nimemwokoa. Baba alitembea hadi kwenye daraja la mtaro ndipo akasema, bila hasira, "Siku nne, mwana wanjye. Siku nne nilikuwa nasema mimi nimekwisha, na wewe ulikuwa unanipa chakula."

Baba aliendelea na kazi pale gerejini, jina lake likiwa zima. Ila tangu siku ile, kila alipopima kitu, mlango wa gari au kipande cha bati, alisimama kwanza na tepu mkononi, akaniita toka ng'ambo ya kichochoro nivuke nikampimie tena. Nilivuka kila mara. Vipimo vyake vilikuwa sawasawa vyote, nikamwambia hivyo, na yeye akaniomba nipime mara nyingine.