Nati Sita na Mikono ya Baba

Baba yangu hakuwahi kuingia kwenye gari moja kwa moja, hata mvua ikinyesha. Alianzia taa ya mbele kushoto, akazunguka hadi pale alipoanzia, mkono ukipita juu ya bodi muda wote. Kila tairi aliliwekea kiganja, kila nati aliigusa kwa kidole gumba, kisha akainama kuchungulia kama kuna tone la oili au la maji chini. Baada ya hapo alifungua boneti. Alitazama oili, maji ya rejeta, mafuta ya breki, na mkanda wa feni aliuminya kwa vidole viwili kujua kama umelegea. Sisi watoto tulisimama pembeni na nguo zetu za kanisani, tumechelewa tayari, na tuliuchukia mzunguko ule kwa mioyo yetu yote. Mama alikuwa akisema kwamba angezungukwa yeye hivyo kila asubuhi angekuwa malkia.

Alipeleka watalii kwenye kreta ya Ngorongoro kwa zaidi ya miaka thelathini, akitokea Karatu, na hajawahi kupindua gari wala kumgonga mtu. Hakujisifu kwa hilo, ila alikuwa mchoyo wa neno moja. Hakumwita mtu dereva ovyo ovyo. Wengi wa wenzake aliwaita "wenye leseni", hata wale waliokuwa na mvi. Mtu akishuka mlima na gia ya fri ili abane mafuta, huyo ana leseni. Mtu akipigia honi ng'ombe mpaka watawanyike, huyo ana leseni. Niliporudi kutoka shule ya udereva Arusha na kadi yangu mpya, aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma kote kote, akanirudishia.

"Hongera, mama," akasema. "Sasa una leseni."

Akina baba wa kwetu huwaita binti zao mama, na kwa kawaida neno hilo hunilainisha. Siku ile halikunilainisha. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi, na nilinuna siku mbili nzima.

Mwaka jana, baada ya mavuno, dada yangu alijifungua mtoto wake wa kwanza. Yeye ni muuguzi kule Wasso. Mama alitakiwa aende kumtunza, na Baba akasema hatampandisha mkewe basi la siku nzima kwenye vumbi wakati gari lipo uani. Gari lenyewe ni la diseli, la kijani kilichopauka, umri wake unakaribiana na wangu. Shule zilikuwa zimefungwa, nikafuatana nao. Ilisemekana naenda ili nimpokee Baba usukani akichoka. Wote watatu tulijua kwamba hachoki.

Tulifika salama. Asubuhi ya kurudi, wakati Baba akiwa nje na mzunguko wake, Mama alinivuta jikoni kwa dada, akafunga mlango.

"Baba yako haoni vizuri," akasema. "Jicho la kulia limefifia kabisa, na la kushoto linafuata. Nimesema mpaka nimechoka, hanisikii. Mtakuwa wawili njiani. Mwambie wewe, kabla hajaua mtoto wa watu."

Nilimwambia nitasema. Mimi huwaambia watoto arobaini makosa yao kabla ya chai ya saa nne, na wengine wanalia, na siwaonei haya. Lakini kumwambia baba yangu aache kuendesha! Ilikuwa ni kama kumwambia avue suruali barabarani. Nilipanda gari, nikafunga mkanda, nikamwangalia akiminya klachi na kuondoa gari taratibu bila kulishtua. Nikaahirisha.

Nikaahirisha saa nzima, kisha nyingine. Sasa nilikuwa najua, na niliona mambo ambayo siku ya kwenda sikuyaona. Upepo wa baridi ulikuwa ukitukata masikio, lakini dirisha lake lilikuwa wazi. Aliendesha polepole kuliko zamani. Aliniuliza habari za barabara kama mtu anayepiga soga tu: "Hapo mbele wamechonga kwa greda au bado?" Nami nikajibu, bila kufikiri, nikiwa macho yake.

Mbele yetu kundi la ng'ombe lilianza kuvuka. Baba alipunguza mwendo mapema mno, akasimama mbali, akazima injini kabisa. Hakugusa honi. Mchungaji, mwanamume mwenye shuka jekundu na fimbo begani, akanyoosha mkono kusalimia, na Baba akamjibu kwa Kimaasai. Niliona fahari. Nikajisemea kwamba Mama ametia chumvi, mtu asiyeona angesimamaje vile?

Kundi likapita. Baba akawasha, akaweka gia, gari likaanza kwenda. Na katikati ya barabara, mbele kabisa ya bampa, alikuwa amesimama ndama, rangi yake ya vumbi kama barabara yenyewe.

"Baba, simama."

Breki zikashika. Mchungaji alikuja akikimbia, akamvuta ndama kwa shingo, halafu akaweka kiganja juu ya boneti yetu. Hakufoka. Alimtazama Baba usoni kwa muda, jinsi mtu anavyomtazama mzee anayemheshimu, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, ndama." Kisha akaondoka zake.

Baba akaweka gia tena, tukaondoka. Huo ndio ulikuwa wakati wangu, na niliuachia upite. Bado naona aibu nikiukumbuka.

Tulikwenda hivyo hadi tairi la nyuma kushoto lilipopata pancha. Tulikuwa kwenye uwanda mtupu, hata mti wa kukata matawi ya kuweka barabarani kuonya magari hakuna. Baba hakukanyaga breki kwa nguvu. Aliachia mafuta, akashika usukani sawasawa, akaliacha gari lijipunguze lenyewe mpaka likasimama pembeni, mahali pagumu, pa tambarare. Akawasha taa za hatari. Kutoka chini ya kiti chake akatoa pembetatu mbili za kuonya, moja kanunua, nyingine kaitengeneza mwenyewe kwa bati na rangi nyekundu.

"Hatua hamsini mbele, hatua hamsini nyuma," akaniambia. "Hatua zako, si za watoto wako wa darasa la kwanza."

Niliporudi alikuwa ameshaweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, na kipande cha ubao chini ya jeki ili isizame. Halafu akanipa spana. Akarudi nyuma, mikono mgongoni.

Nilijua kazi. Nililegeza nati kabla ya kupandisha jeki, maana gurudumu likishaning'inia linazunguka tu na wewe. Nilitoa tairi bovu, nikapandisha la akiba, nikaanza kurudisha nati. Upepo ulikuwa ukinitia mchanga machoni, na lori lilikuwa linakuja kwa mbali, nikaharakisha. Nikakaza kwa kupishana, nati hii kisha ile inayoitazama, jinsi alivyonifundisha. Nikashusha jeki, nikakaza mara ya mwisho kwa kusimama juu ya spana. Nikatazama kazi yangu. Nati sita, zote mahali pake.

"Tayari, Baba."

Alichuchumaa kwa shida, akaweka mkono kwenye gurudumu. Hakuinamisha hata kichwa. Alikuwa akitazama mbali, kwenye uwanda, na kidole gumba chake kikatembea. Nati ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne kikasimama, kikarudi ya tatu, kikaenda tena ya nne.

"Hii umeifunga kinyume," akasema.

Niliinama kutazama, na ilikuwa kweli. Nati za gurudumu zina upande mmoja uliochongoka, na upande huo ndio unaoingia kwenye tundu la rimu na kulishika. Tano nilizigeuza vizuri. Ya nne nilikuwa nimeuelekeza upande uliochongoka nje, kwangu. Ilikuwa imekaza, lakini haikuwa imeshika kitu. Kwa matuta yale ingelegea yenyewe, na kupanda ukingo wa kreta na nati inayocheza si jambo la kusimulia wajukuu. Nilikuwa nimeitazama mara mbili kwa macho yangu mazima, yenye mwanga wote wa saa sita mchana.

Nilipandwa na mambo mengi kwa pamoja. Niliona aibu, na nilimstaajabia mzee huyu mpaka nikataka kucheka. Ni miaka mingapi vidole hivyo vilikuwa vimezunguka magari, kila asubuhi, huku sisi tukinung'unika na viatu vyetu vilivyopigwa rangi? Nikaelewa pia kwamba kuanzia siku fulani, siijui ni ipi, mzunguko ule ulikuwa umegeuka. Mwanzo aligusa ili athibitishe alichokiona. Sasa aligusa kwa sababu hakukiona.

Niliifungua nati, nikaigeuza, nikaikaza. Na kwa kuwa nilikuwa nimepiga magoti na sikuhitaji kumtazama, nikasema.

"Baba, yule ndama hukumwona."

Lori lilikuwa limetufikia, likapita polepole kando ya pembetatu zetu, utingo akapunga mkono, Baba akapunga pia, akielekea kwenye sauti.

"Ng'ombe niliwasikia kengele," akasema. "Ndiyo maana nikasimama. Ndama hajavishwa kengele."

"Ndiyo."

"Na mtoto wa mtu naye havai kengele."

Alisema hivyo kwa sauti yake ya kawaida, ile ile ya kuniuliza kama oili imefika alama. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akauweka juu ya kiganja changu cheusi kwa grisi na kunifumba vidole. Nililia. Naandika hivyo bila haya, nililia nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi la Ngorongoro, na Baba akajifanya anafunga jeki.

"Nikifika nyumbani nitakwenda kuonyesha macho," akasema. "Wakiyatengeneza tutazungumza tena. Twende. Na mawe yatoe barabarani, usimwachie mwenzako."

Niliyatoa mawe, nikakusanya pembetatu. Halafu nikalizunguka gari, kuanzia taa ya mbele kushoto, mkono juu ya bodi. Alinisubiri upande wa abiria, mlango wazi, hakuniharakisha.

Baada ya mwendo mfupi nilisimamisha gari bila kuambiwa, nikashuka kukaza nati tena, maana gurudumu jipya likishatikiswa na barabara hujipanga upya. Mbili zilikubali robo mzunguko. Ile ya nne haikusogea. Nilipopanda tena nilimwona ametikisa kichwa kidogo kukubali, akakigeuzia dirishani.

Tulipofika juu, kwenye ukingo wa kreta, ukungu ulikuwa umefunika barabara, na udongo mwekundu ulikuwa umelowa. Nilishusha taa, maana taa kali kwenye ukungu hukurudia mwenyewe usoni. Mikono yangu ilikuwa imeushika usukani kama nazuia mbuzi asikimbie. Hapo ndipo nilipojua nimembeba nani. Baba alikuwa ameshusha kioo chake, sikio nje.

"Kuna lori linashuka, zito, liko gia ya pili. Kaa kushoto, usisimame ghafla." Nilihesabu polepole moyoni, na lori likatokea ukunguni, likatupita. "Sasa kona. Piga honi fupi, moja. Nenda." Alizijua kona zote kwa tumbo, kwa jinsi gari lilivyomwegemeza. Tulipoanza kuteremka nikaingiza gia ya pili, nikaiacha injini ituzuie, breki nikizigusa tu na kuziachia, na yeye akanyamaza. Alinyamaza mpaka kwenye geti la hifadhi, pale lami inapoanza, na nilipomtazama alikuwa amelala. Sikuwahi kumwona baba yangu akilala ndani ya gari linalotembea.

Tulifika nyumbani Qurus jua lingali juu ya mahindi yaliyokatwa. Nilizima injini, naye akaamka, akashuka, akaenda kugusa gurudumu la nyuma kushoto ili ajue kama limepata moto. Simu yake ikaita. Alikuwa Mama, na simu ya Baba ni ya kelele, nilimsikia kila neno nikiwa bado nimekaa kwenye usukani.

"Mmefika?"

"Tumefika."

"Mmefika vipi?"

Kiganja cha Baba kilikuwa bado juu ya tairi.

"Nimeletwa," akasema.

Nilimfikiria Mama akiwa amesimama jikoni kwa dada, mlango umefungwa, akitafuta namna ya kuuliza bila kumvunja.

"Umeletwa na nani?" akauliza mwishowe.

"Na dereva," Baba akasema.