Nyumba Iliyomkasirikia Fundi

Hadithi hii hamtaiamini. Watu wa Kasongo niliwasimulia, wakacheka mpaka wakaniuliza kama nimelewa. Watu wa Pangi niliwasimulia, wakanipa jogoo ili ninyamaze. Lakini ni kweli tupu, kweli iliyofuliwa ikaanikwa, na mwenyewe yaliyompata, Mama Mwanvua, amekaa hapa mkekani mbele yangu anachagua mchele. Ninaandika huku ninamsomea. Ameniruhusu kwa sharti moja: nisitie chumvi. Mimi na chumvi wapi na wapi!

Basi ilikuwa miaka ile ya Zaire, wakati kila mwanamume mwenye shingo alivaa abakosti, ile suti isiyo na tai, na kila mtu aliitwa sitwayeni, yaani raia, hata mwizi wa kuku akikimbizwa sokoni: "Mkamateni sitwayeni yule!" Umeme wa mji wa Kindu ulikuwa kama mkubwa wa chama anayetembelea mkoa. Barabara inafagiwa, watoto wanapangwa mstari, nyimbo zinaimbwa, jua linawachoma, yeye hatokei.

Mama Mwanvua alikuwa mjane wa mtaa wa Kasuku, na mikono yake haikujua kukaa bure. Sindano ya kufumia na uzi mweupe vilikuwa kwapani mwake daima. Chochote kilichokaa kimya nyumbani mwake kilivishwa kitambaa: redio, termosi, sanduku la nguo, migongo ya viti. Marehemu mume wake alikuwa akisema haogopi kufa, anaogopa kusinzia barazani, maana ataamka amekwisha kufumiwa. Mwanvua hakujali. "Kitu kizuri kisichofunikwa," alisema, "kinaita kijicho."

Sasa bintiye Safi alichumbiwa ng'ambo ya mto, Alunguli, katika nyumba yenye shangazi mmoja aitwaye Jamila. Ulimi wa Jamila ungeweza kumenya ndizi mbichi. Siku walipokuja kukubaliana mambo ya harusi, Jamila alikunywa chai yake, akajifuta mdomo, akasema:

"Mkwe, sisi furaha yetu ni kumwona bibi harusi. Kumwona, siyo kumpapasa. Kwa maana harusi ya mwisho katika nyumba hii, taa ya petromaksi ilizimika, na mtu akapakua pilau ndani ya kiatu cha bwana harusi."

Wageni wakacheka. Mwanvua naye akacheka, lakini uso ulimwaka. Jambo lenyewe lilikuwa kweli, na kiatu kile kilinukia binzari mwaka mzima. Akajikuta amesema mbele ya watu wote:

"Mkwe, mara hii nitawasha jua lenyewe. Utamhesabu Safi kope."

Hakuwa anabwabwaja. Kaka yake, mfanyabiashara wa Kampene, alikuwa amemletea kitu alichonunua kwa mzungu aliyekuwa anafunga virago: plaki ya jua, ile sahani nyeusi ya kioo inayokula jua mchana na kulitapika jioni likiwa mwanga. Ilifika imefungwa ndani ya godoro, ikalala uvunguni, kwa sababu hakuna aliyejua kuifunga paani. Sasa ahadi imetoka, harusi inakuja, na heshima ya Mama Mwanvua yote iko uvunguni pamoja na plaki. Alihitaji fundi. Tena siyo fundi tu. Fundi wa kweli.

Hapo ndipo mjue akili ya huyu mama. Katika ukoo wao, wanawake njo wanaochagua wapishi wa harusi, na wana kanuni yao. Mpishi haulizwi nani anamsifu, kwa sababu hata shangazi anaweza kununuliwa soda akakusifu. Mpishi anaulizwa: "Nyumba gani ilikukasirikia?" Anayejibu hajaunguza wali maisha yake, ama hajapika, ama ni mwongo. Anayetaja nyumba, unakwenda nyumba hiyo, unawauliza alipounguza alifanya nini. Mwanvua akasema, kama kanuni inafaa kwa sufuria, itafaa kwa jua.

Wa kwanza kuja alikuwa Okito, abakosti imenyooka kama karatasi, mkoba mkononi. Alikaa barazani, akakunja miguu.

"Sitwayeni Okito," Mwanvua akamwuliza, "nyumba gani katika mji huu inakukasirikia?"

"Mimi? Mama, mimi napendwa kutoka stesheni mpaka uwanja wa ndege!"

"Hakuna hata taa moja iliyokuzimikia?"

"Taa zangu hazijui kuzimika."

"Basi labda hazijapata kuwaka," akasema Mwanvua, akamwongezea chai, kwani mgeni ni mgeni.

Wa pili alikuwa Onema wa sokoni, mtengeneza redio. Kibanda chake kilikuwa kama hospitali ambamo wagonjwa wanaingia na matumbo yao na matumbo yanabaki humo. Alipoulizwa, huyu hakuficha.

"Nyumba inayonikasirikia? Mama Safi, sema mtaa! Huko kwa stesheni siwezi hata kupita."

"Na ulirudi kuwatengenezea?"

"Kurudi? Wanipige?"

Wa tatu alikuwa Kalume, fundi umeme wa reli. Mama yake alimbatiza Florentin, lakini majina ya kizungu yalikuwa yamekatazwa na serikali, kwa hiyo bibi yule alipotaka kumwita mwanawe alifunga dirisha kwanza. Lilikuwa jitu lenye sauti ya treni na tumbo la behewa. Hakukaa barazani, alikwenda moja kwa moja jikoni kuinua vifuniko vya masufuria.

"Nyumba inayonikasirikia? Ee, iko! Ma Hadidja wa Mikelenge! Ule mama ananitukana mpaka paka yake inanikwepa. Taa yake ilizima mara ya kwanza, kosa langu, waya nilikaza vibaya. Ya pili, panya. Ya tatu, tungali tunagombana. Hii sombe ni ya nani?"

Mwanvua akamwacha na sombe yake ya majani ya muhogo, akajitanda kanga, akashika njia ya Mikelenge. Ma Hadidja alikuwa anatwanga. Kusikia tu jina la Kalume, mchi ukasimama hewani.

"Yule shetani asiyeshiba! Usinitajie!"

"Alikuzimishia taa, nimesikia."

"Alinizimishia!"

"Akakimbia?"

"Akimbie wapi, na tumbo lile? Alirudi. Mvua inanyesha, alirudi. Akanichafulia mkeka, akamaliza samaki wangu, akasema panya wangu wana adabu kunishinda mimi!"

"Na taa, dada?"

Ma Hadidja akaelekeza mchi ukutani, kwa uchungu. "Ile pale. Inawaka kila jioni. Njo inaniuma! Sina tena sababu ya kumwita nimtukane."

Mwanvua alirudi Kasuku anatembea kama aliyeokota dhahabu. Fundi amepatikana.

Kalume akaja, akapanda paa, akaifunga plaki upande mzuri wa bati, akateremsha waya mpaka kwenye batri ya kamioni ya mizigo iliyowekwa pembeni chumbani, akatundika taa ndefu nyeupe barazani. Ngazi alishikiwa na shemeji mmoja wa Mwanvua, kijana mwenye sura nzuri na nguvu nyingi, ambaye jina lake silitaji kwa kuogopa kujisifu. Kabla ya kuondoka Kalume akatoa maagizo, mdomo umejaa:

"Mama Safi, sikia vizuri. Hii plaki uitunze kama mutoto mchanga. Umesikia? Mutoto mchanga!"

"Nimelea saba," akajibu Mwanvua. "Unanifundisha nini?"

Jioni ile taa ikawaka, na mtaa ukamiminika. Watoto walicheza kwenye vivuli vyao. Mzee mmoja alisogeza Kurani yake chini ya taa akasoma herufi ndogo ambazo hajaziona tangu ujana. Na kila aliyetoka uani alitazama juu ya paa akasema: "Plaki nzuri! Plaki nzuri hii!"

Moyo wa Mwanvua ukashtuka. Sifa zote zile, na kitu chenyewe kiko juu peupe, uchi, kinatazamwa na kila jicho! Mtoto mchanga anatembezwa hivyo? Mtoto mchanga anafunikwa. Akakaa na sindano yake. Akafuma kitambaa kikubwa kuliko vyote alivyowahi kufuma, uzi umebanana, maua katikati, pembeni njiwa wawili. Kilipokwisha, adhuhuri moja, akakaza kikwembe, akapanda ngazi mwenyewe, mama wa watoto saba, akaivisha plaki kitambaa, akakifunga kwa kamba pembe zote nne. Akateremka na amani moyoni.

Mnaona sasa. Msicheke bado.

Jioni ya kwanza taa iliwaka. Jioni ya pili ikawa ya manjano. Ya tatu ikakonyeza mara mbili kama mtu mwenye siri, ikafa. Harusi ilikuwa inabisha mlangoni: leo Jumatatu, Safi anaolewa Alhamisi.

Asubuhi ya Jumanne Okito alikuwa amesimama uani. Nani alimwita? Hakuna. Alitazama batri kutoka mlangoni, mikono nyuma, abakosti isiguse ukuta.

"Batri imekufa, mama. Ninayo mpya. Pole sana. Ungenichagua mimi…"

Na kabla hajamaliza pole yake, kukafika mtu aliyevuka mto kwa pirogi kutoka Alunguli, na salamu za Jamila: "Mkwe anauliza, tuje na petromaksi yetu?"

Mwanvua akaketi juu ya kinu. Kalume hakuwapo mjini. Yuko Kibombo, kwenye kazi ya reli. Okito anasubiri, na batri yake iko tayari. Neno moja tu, "lete", na angalau Jamila hatacheka. Lakini aliikumbuka Mikelenge, mkeka uliochafuliwa, mvua.

"Fundi wangu atarudi," akasema.

"Kutoka Kibombo? Na treni yetu hii?"

"Atarudi. Wewe kunywa chai."

Stesheni wakampigia Kalume kwa simu ya reli. Treni ya Zaire, nyie mnaijua, ilikuwa inafika ikipenda. Lakini Jumatano, jua linapanda, sauti ikasikika barabarani kabla ya mwenyewe kuonekana:

"Ngazi iko wapi? Na nyinyi mmepika nini?"

Hakuitazama batri. Hakuitazama taa. Alipanda moja kwa moja, shemeji mzuri wa sura ameshika ngazi kwa ushujaa. Kisha paa lote likaanza kutetemeka, na Mwanvua akadhani fundi ameshikwa na umeme. Kumbe anacheka.

"Mama Safi! Umeivalisha gauni!"

"Si wewe njo ulisema? Mutoto mchanga!"

"Mutoto, ndiyo! Na mutoto atanyonya namna gani kama umemufunika mudomo?"

Mwanvua akakinga macho kwa mkono. Alitazama jua. Alitazama kitambaa chake mkononi mwa Kalume, njiwa wawili wananing'inia. Kicheko kikamtoka kwenye unyayo, kikapanda. Akashika ukuta, akakosa ukuta, akakaa chini na kanga yake, machozi yanamtoka. Okito alitoka uani polepole, bila kumaliza chai.

"Kalume, mwanangu," akasema alipopata pumzi, "utanitangaza?"

"Mdomo wenye pilau hausemi, mama. Wewe hakikisha tu haupungukiwi."

"Na kitambaa? Kijicho je?"

Kalume akafikiri. "Batri haili jua. Batri inalala tu. Ifunike hiyo, ilale vizuri."

Hivyo ndivyo batri ya kamioni ilivyopata njiwa. Plaki ikanyonya jua Jumatano ile mpaka magharibi, ikanyonya Alhamisi yote, na Mungu akaishika mvua upande wa Lubutu.

Magharibi ikaswaliwa. Watu wa Alunguli wakapanda kutoka mtoni wakipiga ngoma, Jamila mbele, petromaksi yake inawaka, ameiinua juu ili kila mtu aione. Akaingia uani. Mwanvua akabonyeza swichi.

Petromaksi ikawa kimulimuli. Safi alikuwa amekaa kitini na hina yake na dhahabu yake, na kila ua la hina lilionekana mpaka mlangoni. Jamila alisimama. Akamsogelea Safi mpaka usoni. Kisha akaiweka petromaksi yake chini, akainama, akaizima mwenyewe, akapiga kigelegele ambacho sijasikia mfano wake.

"Mkwe," akasema, "kope nimezihesabu. Huyu fundi anaitwa nani?"

"Usiulize jina," Mwanvua akajibu. "Uliza nyumba iliyomkasirikia."

"Nyumba gani?"

"Yangu!" akapiga kelele Ma Hadidja, aliyealikwa kupika, kutoka kwenye masufuria. "Na ninamkasirikia mpaka leo! Kalume, hiyo ni sahani ya ngapi?"

Uwanja ukavunjika kwa kicheko. Wakacheza, bibi harusi akachezewa, hakuna kiatu kilichopakuliwa pilau. Na mwanga ule, jamani, haukubaki Kasuku. Ulivuka mto, ukaamsha majogoo wa Alunguli, ukafuata barabara mpaka Lubutu, na watu wa Lubutu wakatoka na majembe wakidhani kumekucha, na ndege moja iliyokuwa inakwenda Kisangani ikaona taa ya Mwanvua, ikageuka, ikateremsha magurudumu, rubani akaanza kuuliza ka…

"Shemeji Bulaimu! Weka kalamu chini. Ndege gani? Ile taa haikufika hata chooni kwangu. Na ngazi ile hukuishika wewe, ulikuwa umelala!"